Betri Imejaa, Hajji

Nasaha za Ijumaa, Wandegeya

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Muumba wa tunavyoviona na tusivyoviona. Rehema na amani zimfikie Bwana wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake, masahaba zake na kila mwenye kufuata nyayo zao kwa wema mpaka siku ya malipo. Amma baad.



Leo nataka tuzungumze kuhusu gari. Najua wapo watakaocheka, maana wengi wetu hapa nauli ya boda kutoka Kikoni ni hesabu nzito. Lakini subirini kidogo. Gari ninalolisema si langu. Ni gari la kifahari la umeme, lililotumika Uingereza, likauzwa hapa Kampala, na mimi ndiye niliyekuwa dalali wake. Jina la kampuni iliyolitengeneza silitaji, kwa sababu kosa halikuwa la kampuni. Kosa lilikuwa langu, na nimekuja kulisema mbele yenu ili lisiwe lenu.

Tuanze na neema kabla ya kosa. Katika Suratun Nahl, aya ya 8, Mwenyezi Mungu anatukumbusha farasi, nyumbu na punda aliotuumbia tuwapande na wawe pambo, kisha anatuambia kwamba anaumba na tusivyovijua. Wanavyuoni wa zama zetu wakiifikia aya hii hukumbuka gari moshi, motokaa na ndege. Nasi tuongeze gari la umeme. Na hapa chuoni hatuna haki ya kulishangaa. Mwezi Novemba 2011, gari la umeme la Kiira EV, la viti viwili, lilijaribiwa hapa hapa Makerere, likiwa kazi ya wanafunzi na walimu wao. Mwaka 2016 likafuata basi la Kayoola linalosaidiwa na nguvu za jua. Umeme wetu mwingi unatoka kwenye maji ya mto Nile, kuanzia Nalubaale pale Jinja hadi Karuma. Mtu anayeendesha gari kwa maji ya Mola wake badala ya mafuta ya kuagiza, na bila kumfukizia jirani moshi, ana jambo la kushukuru.

Wala gari zuri si haramu. Bwana Mtume (s.a.w.) amekitaja kipando kizuri miongoni mwa mambo yanayomfanya mtu aishi kwa raha, pamoja na nyumba yenye nafasi, mke mwema na jirani mwema. Kwa hiyo sikuja kumsema vibaya mwenye gari la thamani. Dini inauliza maswali mengine: umelipataje, umelinunuaje, na umeliuzaje? Hadithi iliyopokewa na Tirmidhi inatufahamisha kwamba miguu ya mja haitasogea siku ya Kiyama mpaka aulizwe mambo kadhaa, na katika hayo ni mali yake: aliichuma wapi na aliitumia katika nini.

Sasa nisimulie.

Nilikuwa mwaka wa tatu. Ada ilikuwa imepungua, mwenye hosteli ananitafuta, na simu ya nyumbani naiogopa kuipokea. Kama wengi wenu, nilikuwa dalali wa kila kitu: simu, laptopu, vyumba, hata viatu. Siku moja jamaa mmoja akaniambia ana gari la kifahari la umeme, anataka shilingi milioni 85, na nikimletea mnunuzi nina milioni 2 zangu. Gari lenyewe lilikuwa zuri kweli. Viti vya ngozi, kioo kikubwa cha kugusa katikati, kimya kama chumba cha mtihani. Ukikanyaga tu linaruka.

Jumapili moja mwenyewe alinichukua tukaenda Entebbe na kurudi. Tulitoka Wandegeya betri ikionyesha asilimia 100. Tuliporudi gari lilikuwa limehesabu kilomita 84, na betri inaonyesha asilimia 60. Mimi nasoma uhandisi; hesabu hiyo haihitaji kalamu. Asilimia 40 zimekwenda kilomita 84, basi asilimia 100 zitakwenda kilomita 210. Gari hilo lilipotoka kiwandani lilikuwa likienda karibu kilomita 370 kwa chaji moja. Nikamtazama mwenye gari, naye akanitazama. Akasema, "Hayo usiyaseme. Mteja akija tutaijaza, utampitisha Mulago na kurudi, basi." Nikanyamaza. Wakati ule niliamini kwamba anayenyamaza hajasema uongo.

Mteja akapatikana. Ni Hajji mmoja, mzee wa Masaka, aliyewahi kufanya kazi bandarini Mombasa, ndiyo maana tulielewana kwa Kiswahili. Alikuwa amenizoea msikitini, ananiona safu ya mbele, na siku nyingine ananisikia nikiadhini. Alikuja na pesa alizozikusanya miaka mingi. Alitaka gari tulivu la kumpeleka Masaka shambani na kumrudisha mjini kwa watoto, bila kupigana na bei ya mafuta. Akazunguka gari, akapapasa milango, akakaa ndani, akaniuliza swali moja tu: "Mwanangu, betri yake iko vipi?"

Nikamwonyesha kioo. Nikasema, "Betri imejaa, Hajji. Unaona mwenyewe, asilimia mia."

Ndugu zangu, hebu lipimeni jibu hilo. Hakuna neno la uongo ndani yake. Betri ilikuwa imejaa kweli. Lakini Hajji hakuniuliza kama imejaa. Aliniuliza iko vipi. Kikombe kidogo nacho hujaa. Ukimwonyesha mtu kikombe kilichojaa ukamwacha aamini ni ndoo, umemdanganya, hata kama hukufungua mdomo.

Na hili lazima tulielewe vizuri, kwa sababu magari haya yanaongezeka nchini na nyinyi ndio mtakaoulizwa. Gari la petroli likichakaa hujisema lenyewe. Hutoa moshi, hugonga, huvuja oili. Fundi wa Kisekka akilisikiliza dakika tano atakwambia umri wake. Gari la umeme likichakaa linabaki kimya vile vile na linaruka vile vile. Kinachopungua ni uwezo wa betri kubeba chaji. Betri hizi za lithiamu huchoka kwa miaka, kwa joto, kwa kujazwa mara kwa mara kwenye chaja za haraka, na kwa kuachwa muda mrefu zikiwa zimejaa kabisa. Zipo zinazopozwa kwa maji na hudumu zaidi. Zipo, kama za Nissan Leaf ambazo tunaziona hapa mjini, zisizo na mfumo huo, na joto huziumiza haraka. Ile asilimia iliyo kwenye kioo inakwambia chaji iliyomo sasa. Afya ya betri ni jambo lingine, na kubadilisha betri nzima kunaweza kula sehemu kubwa ya bei ya gari.

Hajji alilipa. Nikapewa milioni zangu 2. Nikalipa hosteli, nikamaliza ada, na Ijumaa ile nikatoa sadaka.

Wiki mbili baadaye simu ikalia baada ya Magharibi. Hajji alikuwa njiani kutoka Masaka, hajafika Mpigi, gari limezima kando ya barabara, giza limeingia, na mke wake yumo ndani. Asubuhi alikuwa ameondoka Kampala na betri iliyojaa. Kufika Masaka ni kilomita 130 hivi. Aliona asilimia zinashuka mbio akadhani ni uendeshaji wake. Kule umeme ulikuwa umekatika, hakuweza kuchaji. Akajipa moyo kwamba zitamfikisha. Fanyeni hesabu wenyewe: kwenda na kurudi ni kilomita 260, na gari lile lilikuwa na 210.

Hakunitukana, na laiti angenitukana. Alisema kwa sauti ya uchovu, "Mwanangu, uliniambia imejaa."

Usiku ule sikulala. Nilipofumba macho nilimkumbuka yule mwenye nafaka sokoni Madina. Nyote mnaijua hadithi hii, imepokewa na Muslim. Bwana Mtume (s.a.w.) alipita penye rundo la nafaka, akatia mkono wake ndani, vidole vikakuta unyevu. Akamuuliza mwenyewe kuna nini. Yule akajibu kwamba ni mvua iliyonyesha. Mtume akamuuliza kwa nini basi hakuiweka ile iliyolowa juu watu waione, kisha akatangaza kwamba anayeghushi si miongoni mwao.

Angalieni ndugu zangu, yule mtu hakuileta mvua yeye. Nafaka kulowa haikuwa dhambi yake. Hata betri kuchoka si dhambi ya mwenye gari. Kila kilichoumbwa huchoka. Dhambi ni kuweka kikavu juu ya kilicholowa. Na mimi nilipokionyesha kile kioo cha asilimia mia, nilikuwa nikimwonyesha Hajji nafaka kavu.

Ipo hadithi nyingine iliyo karibu zaidi na betri. Waarabu walikuwa mtu akitaka kumuuza mbuzi au ngamia, humfunga chuchu siku kadhaa asikamuliwe, kiwele kijae, mnunuzi adhani mnyama ana maziwa mengi. Bwana Mtume (s.a.w.) akalikataza hilo, na akampa mnunuzi haki ya kuchagua akishamkamua: akitaka abaki naye, akitaka amrudishe pamoja na pishi ya tende badala ya maziwa aliyoyakamua. Katika baadhi ya mapokezi ametajiwa muda wa siku tatu. Hadithi hii imo kwa Bukhari na Muslim. Sasa niambieni, kujaza betri iliyochoka mpaka asilimia mia na kumzungusha mteja Mulago na kurudi kunatofautiana vipi na kumfunga mbuzi chuchu? Na wapo mafundi wanaoingia kwenye kompyuta ya gari wakafuta kumbukumbu ili betri iliyochoka ijionyeshe mpya kwa siku chache. Hiyo ni kamba yenyewe ya kufungia chuchu, isipokuwa imeandikwa kwa programu.

Watu wa Madyan wa Nabii Shuaib (a.s.) walionywa kwa sababu ya mizani. Suratul Mutaffifin imeanza kwa tishio kwa wanaopunja vipimo. Sisi tukisoma tunafikiria kilo za sukari. Asilimia ya betri ni kipimo, na namba ya kilomita iliyorudishwa nyuma ni kipimo. Laptopu unayoiuza hosteli ukijua haikai na chaji nusu saa, ukaichomeka ukutani mteja anapokuja, nayo ni kipimo.

Asubuhi nilikwenda kwa shehe mmoja aliyenifundisha fiq'hi. Nilitarajia aniambie, "Wewe ni dalali tu, dhima ni ya mwenye mali." Hakusema hivyo. Alinifundisha mambo matatu, nami nawapa kama nilivyoyapokea.

La kwanza, katika madhehebu yetu ya Shafi, kubainisha kasoro ni wajibu wa muuzaji, na ni wajibu vile vile wa mtu wa kando anayeijua. Dalali anayeijua hana pa kujificha. Ukijua na ukanyamaza, umeshiriki.

La pili, mnunuzi akigundua kasoro ya zamani aliyofichwa, ana hiari ya kurudisha kitu na kupewa pesa zake, ila asikawie. Akiendelea kukitumia kwa ridhaa baada ya kujua, haki hiyo huweza kumpotea. Na muuzaji hapati kinga kwa kuandika kwenye karatasi kwamba gari limeuzwa kama lilivyo, ikiwa aliijua kasoro ya ndani na akaificha.

La tatu, pesa niliyoichukua haikuwa safi, na sadaka niliyoitoa ndani yake haikuisafisha. Akanikumbusha Imam Abu Hanifa (r.a.), aliyekuwa mfanyabiashara wa nguo mjini Kufa. Alimpa mshirika wake nguo yenye kasoro akamwagiza aionyeshe kwa mnunuzi. Mshirika akasahau, akaiuza, na mnunuzi hakujulikana aliko. Imam akaitoa sadaka thamani ya bidhaa ile. Shehe akaniambia, "Yeye alitoa sadaka kwa sababu hakumjua mwenye haki. Wewe unamjua. Namba yake iko kwenye simu yako."

Nikaenda kwa Hajji, nikamwambia yote: safari ya Entebbe, zile asilimia 60, hesabu niliyoifanya kichwani, na kwamba nilijua wakati anauliza. Tukaenda pamoja kwa aliyeuza. Yeye alisema biashara ni biashara na Hajji aliliona gari kwa macho yake. Mlango ukafungwa. Haki hiyo Hajji ameiacha kwa Mola wake, na mimi nilisema nitakuwa shahidi hapa na kule.

Nikamwambia Hajji kwamba milioni 2 nitazirudisha, lakini nimeshazila. Nilidhani atasema, "Nimekusamehe, acha." Akasema, "Nimekusamehe. Utaleta kila mwezi." Nilileta miezi kumi, laki mbili laki mbili, kwa kufundisha wanafunzi hesabu jioni. Kila mara alizihesabu mbele yangu, akaandika kwenye daftari, akaniandalia chai. Mwezi wa kumi akaniambia kwamba angekataa pesa ile siku ya kwanza, ningesahau kabla ya kufika taa za Wandegeya. Gari anatembelea mjini tu. Masaka anakwenda kwa basi.

Ndugu zangu, nisiwaache na kisa bila nyenzo. Atakayenunua gari la umeme lililotumika, au atakayetumwa na mzazi kumsaidia kununua, na afanye hivi.

Usiridhike na asilimia ya kwenye kioo. Omba fundi mwenye kifaa cha kusoma kompyuta ya gari akwambie uwezo wa betri uliobaki. Kisha lipime kwa barabara: lijaze, liendeshe mwendo mrefu unaojulikana, kama Entebbe na kurudi, gawanya kilomita kwa asilimia zilizotumika, zidisha kwa mia. Linganisha na safari yako halisi, siyo safari ya mwenye kuuza.

Uliza utachaji wapi. Soketi ya kawaida ya nyumbani hutoa yuniti mbili na kidogo kwa saa. Betri kubwa ya yuniti 75 itahitaji zaidi ya siku nzima na usiku wake. Ukiwa na Yaka ya kupanga na waya wa zamani ukutani, usiihatarishe nyumba ya watu. Uliza pia umri wa gari, maana tangu 2018 sheria yetu hairuhusu kuingiza gari lenye miaka 15 au zaidi tangu kutengenezwa.

Weka sharti la hiari. Sheria ya Kiislamu inakuruhusu kukubaliana na muuzaji muda wa kujaribu, na katika madhehebu yetu ni hadi siku tatu. Liandikeni na mlishuhudishe. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 ya Suratul Baqara, ni ya kuandikiana na kushuhudisha miamala. Mtu akikwambia, "Kwani huniamini?" mjibu kwamba unamwamini, na unaandika kwa sababu Mola wenu kaamrisha.

Na usiingie kwenye riba kwa ajili ya kiti cha ngozi. Njia za halali zimeanza kufunguka; mwaka 2023 Benki Kuu ya Uganda ilitoa leseni ya kwanza ya benki ya Kiislamu, kwa Salaam Bank. Kama hata njia hiyo hujaiweza, panda teksi. Farasi wako utapewa kwa wakati wake.

Nawe mnunuzi mjuzi, usimpunje muuzaji asiyejua. Jarir bin Abdillah (r.a.) alimpa Mtume (s.a.w.) ahadi ya kumtakia mema kila Muislamu. Inasimuliwa kwamba alinunuliwa farasi kwa dirhamu 300, akamwambia mwenyewe kwamba farasi wake ana thamani zaidi ya hapo, akawa anampandishia mpaka akamlipa 800. Fikirieni mnunuzi anayepandisha bei dhidi ya mfuko wake mwenyewe! Sisi hatujafika huko, lakini tunaweza kuanza kwa kujibu swali tulilouliziwa.

Maana yote niliyoyasema yanarudi hapo. Kesho utauza simu kwenye kundi la darasa. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, mgeni, amekuona safu ya mbele, atakuuliza, "Kaka, betri yake iko vipi?" Hakuuliza kama imejaa. Mwambie: "Inakaa saa tatu, kisha inazima. Ndiyo maana bei ni hii." Labda ataondoka. Bwana Mtume (s.a.w.) ametufundisha kwamba wauzianao wakisema kweli na wakabainisha, wanabarikiwa katika biashara yao, na wakificha na kusema uongo, baraka ya biashara hiyo hufutwa. Mimi nimeshazishika milioni 2 zisizo na baraka, najua zinavyoisha.

Ewe Mola wetu, tuonyeshe aibu za nafsi zetu kabla watu hawajazigundua. Tupe riziki ya halali ututosheleze nayo na haramu. Wape wazee wetu waliotuamini malipo mema, na utusamehe tulipowaangusha. Wasaidie wanaodaiwa ada na kodi wasiuze dini yao kwa ajili ya muhula mmoja. Utujaalie vipando vyema hapa duniani, na utuvushe salama siku ya Sirati. Amin.